Reale Saba za Baba Mkwe

Jumapili, 4 Tir

Leo nimepewa mali. Mali ya urithi! Tena na wakwe, kabla hata ya ndoa.

Chakula cha mchana kwa kina Tirngo, mchumba wangu. Mchuzi wa kuku, mayai ndani, mkate mpya wa injera. Nilivaa suti ya studio, ile wanayoazima wateja wangu wakija kupiga picha. Nimeibana mgongoni kwa pini. Sikumpa mtu kisogo hata mara moja.

Katikati ya kula, Mzee Mesafint, baba mkwe, akaingia chumbani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Akakifungua mbele yangu. Reale saba! Zile kubwa za zamani, fedha tupu, zenye sura ya malkia mnene wa Ulaya. Zilikuwa za mama yake, marehemu. Akasema sasa ni zangu, na sauti ikamtetemeka. Halafu akaniuliza kama najua la kufanya nazo siku ya tilosh, ile ya kuonyesha zawadi za bibi arusi mbele ya watu.

Palepale Mama Alganesh, mama mkwe, akanitia tonge mdomoni. Tonge la mama yule si tonge, ni ngumi. Na tonge la mama mkwe halikataliwi. Nikawa natafuta pa kupitishia pumzi, Mzee ananitazama, anangoja jibu. Nikaitikia kwa kichwa, kwa nguvu: najua! Likaja tonge la pili. Mzee akasema amefurahi sana, maana wengine mpaka waelezwe. Likaja la tatu. Nilipomaliza kumeza, mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye bei ya asali, ambayo ndiyo biashara ya Mzee.

Tirngo alinitazama kwa lile jicho lake. Nampenda yule binti mpaka najisahau.

Dagnachew naye alikuwepo. Ndiye mume wa Muluwork, dada yake Tirngo. Kwa hiyo mwanyumba wangu mtarajiwa. Injinia wa barabara. Kila anapokaa lazima aweke ufunguo wa gari mezani, utadhani meza ina safari. Alipoziona reale akaacha kula. Wivu huo.

Usiku. Nimezikagua vizuri. Zote saba zimeandikwa mwaka mmoja, 1780. Inaelekea ukoo ulinunua kwa jumla. Zimekuwa nyeusi. Na kila moja imechomelewa kijipete juu ya kichwa cha malkia, cha kupitishia uzi. Kasoro kubwa hiyo. Lakini nimesamehe.

Jumatatu, 5 Tir

Swali: najua la kufanya nazo? Jibu: sijui.

Kumwuliza Mzee haiwezekani, nimeshaitikia. Kumwuliza Tirngo ni sawa na kumwuliza Mzee. Mama yangu ni mtu wa Wollo, anasema kwao wanapeana ng'ombe, na ng'ombe hana maswali. Kisha akaniambia niache ujanja, niende nikaulize kama mtu mzima. Mama hanielewi.

Jioni nikampitia Dagnachew. Kwa akili, lakini. Nikamwambia nina rafiki yangu mmoja amepewa reale na wakwe, hajui afanye nini. Dagnachew akaniuliza kama huyo rafiki naye anavaa suti yenye pini mgongoni. Hana haya yule mtu.

Halafu akawa mpole ghafla. Hapo ndipo niliposhtuka. Akasema, "Mwambie rafiki yako asizisafishe, asizikwangue, asizipeleke popote. Azitungie uzi mweusi, amvike binti shingoni siku ya tilosh, watu wote wakiona. Basi. Mzee anampima mkwe kwa hilo tu. Mimi nilifanya hivyohivyo." Akanishika bega. Akanipa na chungwa.

Nimelila chungwa njiani nikiwaza. Mtu anakupa zawadi ili umrudishie binti yake zawadi ileile, mbele ya watu? Si nitaonekana sina hata kijiko cha fedha kwetu? Ndicho anachotaka Dagnachew. Nisimame pale na vijireale vyeusi vya watu, ukumbi mzima ucheke, yeye achezeshe ufunguo. Mtego mtupu! Mimi si mtoto wa jana.

Kwa hiyo sasa najua jambo moja kwa hakika: nisifanye alivyosema.

Jumatano, 7 Tir

Siku ya mfungo. Nimekula shiro, rojo la dengu, peke yangu studio, chini ya pazia langu lililochorwa kasri. Wageni hushangaa kwamba Gondar yetu ina kasri la kweli hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu, na wateja bado wanataka kupigwa mbele ya lile la kuchora. La kuchora halina ndege wanaochafua.

Nzi akatua kwenye shiro. Nikamfukuza. Akarudi. Na hapo wazo likanijia, zima zima, limeshaiva!

Mzee Mesafint anauza asali. Palipo na asali pana nzi. Mgwisho wake wa kufukuzia nzi una mpini wa mti uliopasuka, kaufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mzee mwenye heshima zake, na mpira wa baiskeli! Nikimpa mgwisho wenye mpini wa fedha tupu, atakuwa nao mkononi kila siku, dukani, kanisani, msibani. Kila atakayeuliza ataambiwa: mkwe wangu huyo. Si Dagnachew. Mimi.

Fedha ninayo. Reale saba.

Saa tisa nilikuwa kwa Sonara Berihun. Anaongea kuliko kasuku. Akauliza, zote? Nikasema zote. Akauliza, na za nani? Nikasema za bibi yangu wa kule Gojam, alikuwa mtu mkubwa. Uongo mdogo, haukumuumiza mtu. Nikasimama nikawatazama malkia wote saba wakilainika chunguni. Wa kwanza alianza kuyeyuka pua. Nikageuza uso. Moshi, nadhani.

Jumapili, 11 Tir

Timkati, sikukuu ya Ubatizo. Mji wote umevaa nyeupe. Makuhani, miavuli, ngoma, watoto wanarukia bwawa. Nimepiga picha mpaka kidole kimekufa ganzi.

Familia ya Mzee ikaja kupigwa picha ya pamoja. Muluwork alikuwa amening'iniza reale saba shingoni, kwenye uzi mweusi. Za bibi yake, nusu ya zile za ukoo. Dagnachew alimvika siku yao. Wanawake wakawa wanazishika na kuzibusu. Mwanamke anapenda kujionyesha yule. Nimemweka pembeni kabisa ya picha.

Mzee kaniuliza mambo yanakwendaje. Nikamwambia yameiva, nitamshangaza. Macho yakamlowa. Akasema mama yake angenipenda.

Jumatano, 14 Tir

Ushindi!

Mgwisho umetoka. Mpini mzito, mikunjo kama kamba, na kichwa cha simba juu. Simba ametoka na uso wa kondoo, lakini Sonara Berihun anasema huyo ni simba mwenye adabu. Nimetia mkia mweupe wa farasi, mrefu.

Nimempelekea Mzee dukani, mbele ya wateja. Akaupima uzito. Akaupunga. Nzi wote wakahama kwenda duka la jirani. Akanikumbatia, akanibusu mashavu, kulia, kushoto, kulia, akauliza nimepata wapi fedha nzuri namna hii. Nikamwambia ya ukoo. Si uongo, sikusema ukoo gani. Akaufungua ule mpira wa baiskeli akautupa barabarani, akazunguka soko zima akiwapungia watu. "Mkwe wangu huyu! Mnamwona? Na reale za mama yangu bado ziko kwake, mngoje tilosh!"

Hilo la mwisho sikulielewa vizuri. Nilikuwa namtazama Dagnachew, ambaye alikuwa amekuja kununua asali. Alikuwa anautupia macho ule mgwisho, kisha mimi, kisha mgwisho. Rangi imemtoka. Wivu umemfikisha pabaya.

Ijumaa, 16 Tir

Nimekwisha.

Tirngo alikuja studio, anameremeta, ameshika kifurushi. Uzi mweusi wa hariri. Mama yake ameununua. Akauliza nitazitunga nyumbani au nitazitunga palepale ukumbini, maana shangazi zake wamejipanga kwa vigelegele na wanataka kujua waanze lini.

Nikauliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari za mvua, ikiwa bwana harusi mmoja, tuseme, hakuzileta?

Akacheka. Akasema baba yake hatamtoa binti mlangoni. Reale zile ndiye marehemu bibi yake mwenyewe. Bila bibi shingoni, bibi arusi haendi kanisani. Binamu yake mmoja alichumbiwa na mtu aliyeleta sita badala ya saba zake. Leo binamu ameolewa na mtu mwingine, na yule wa sita ameoa mtu wa Dessie.

Halafu akaniuliza mbona nimekaa sakafuni. Nikamwambia natafuta kifuniko cha lenzi.

Amekwenda zake. Nimelia kidogo, kwenye chumba cha kusafishia picha, ambako hata hivyo ni giza. Simtaki mtu wa Dessie. Namtaka Tirngo.

Kumbe Dagnachew alisema kweli! Sasa mtu atajuaje, kama watu wabaya wanasema kweli bila kutoa onyo?

Jumamosi, 17 Tir

Nimepata akili mpya. Malkia ni yuleyule, mwaka ni uleule. Nani atajua?

Nimekwenda kwa muuza vitu vya watalii, pale chini ya ukuta wa kasri. Anazo kapu zima. Nikaangalia: 1780. Nyingine: 1780. Nikamwambia ana bahati, kapata za mwaka mzuri. Akanicheka mpaka akakaa. Kumbe zote huandikwa hivyo, hata zilizopigwa baba yake akiwa tayari ana ndevu. Sikumwambia habari ya kununua kwa jumla.

Nimechukua saba. Zinang'aa mno. Sonara Berihun amefunga karakana, yuko harusini. Mwezi huu nchi nzima iko harusini. Vijipete nimevigandisha mwenyewe kwa gundi ya miwani.

Jumanne, 20 Tir

Kazi ya kuzizeesha. Nimezichemsha na machicha ya kahawa. Nimezifukia jivuni. Nimezisugua pilipili ya berbere na samli. Nimelala nazo chini ya godoro. Zimekuwa nyeusi kweli, na zinanukia kama mboga ya sikukuu. Paka ameanza kunifuata.

Mama kaniuliza napika nini. Nikamwambia harusi.

Dagnachew alipita, akataka tuzungumze pembeni, akasema anaujua ule mgwisho umetoka wapi na kwamba bado muda upo, twende wote kwa Mzee, yeye atanisindikiza na kunisemea. Nikamshukuru, nikafunga mlango. Ananiona mjinga wa kutegwa mara mbili.

Alhamisi, 22 Tir

Nitaandika yote.

Tilosh. Ukumbi wa Mzee umejaa, wazee mbele, wanawake ukutani, Tirngo chumba cha ndani na mlango wazi nusu. Mzee kitini, mgwisho mkononi. Sisay kinyozi, mpambe wangu, alikuwa anatoa vitu sandukuni kimoja kimoja na kuviinua. Gauni! Vigelegele. Viatu! Vigelegele. Mwavuli! Shangazi mmoja akauliza kama unafunguka. Ukafunguka.

Kisha reale. Sisay akazinyanyua kwenye uzi mweusi. Ukumbi ukalipuka. Mzee akasimama, machozi yanamtoka bila kificho, akazipokea kwa mikono miwili. Akazinusa.

Akazinusa tena.

Akasema mama yake alikuwa mpishi mzuri, lakini si kiasi hiki.

Hapo akaitoa moja na kuidondosha kwenye kizingiti cha jiwe, kama walivyofanya wafanyabiashara wa zamani, kusikiliza fedha ikilia. Fedha ya kweli hulia kama kengele ndogo. Yangu ilisema "tko", kama kifungo cha koti. Akadondosha ya pili. Kijipete kikachomoka, kikaruka, kikatumbukia kwenye jagi la pombe ya asali. Watu wote tukakisikia kikizama.

Mzee hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaniuliza taratibu, kama mtoto, "Mwanangu Yibeltal. Mama yangu yuko wapi?"

Macho yangu yalikwenda kwenye mgwisho. Nilijaribu kuyarudisha, hayakukubali. Sisay akafuata macho yangu. Wazee wakafuata macho ya Sisay. Mwisho Mzee mwenyewe akautazama mkono wake. Nzi akatua gotini kwake. Hakumfukuza.

Nikaona nijitetee. Nikasema Dagnachew ndiye aliyenipotosha! Dagnachew akaruka. "Mimi? Nilikwambia uzitungie uzi mweusi umvike binti!"

Nikasema, "Ndiyo maana sikuzitunga!"

Nilidhani ni hoja nzuri mpaka nilipoisikia.

Mzee akakaa, akauweka mgwisho mapajani, akaufunika kwa shuka lake. Akasema hakuna harusi. Mama Alganesh akajifunika uso. Mama yangu akanitazama, na sitaki kuandika alivyonitazama. Nikapiga magoti. Sikuwa na mpango wowote. Ni miguu tu. Nikasema kweli yote: tonge, kichwa kilichoitikia, chungwa, sonara. Nikasema niliona haya kuuliza. Nikasema nisipomwoa Tirngo sijui nitaamkia nini kesho.

Ndipo kicheko kikatoka chumba cha ndani. Kicheko cha Tirngo, kile cha kukosa pumzi. Akatokea mlangoni anajifuta macho, kinyume cha desturi, mashangazi wanamvuta nguo. Akasema, "Baba, bibi yuko palepale. Hajapotea, amenyooshwa tu. Fedha lazima iende kanisani shingoni, si ndivyo? Basi. Shingo yangu haibebi mkia wa farasi. Shingo ya Yibeltal inabeba."

Wazee wakatoka nje kushauriana. Nilisikia wakicheka, wakanyamaza, wakacheka tena. Wakarudi na nyuso za kanisani. Wamekubali.

Jumatatu, 26 Tir

Nimeoa!

Nimeoa nikiwa nimening'iniza mgwisho shingoni, kwa uzi mweusi wa hariri, juu ya joho la harusi. Kichwa cha kondoo chini ya kidevu, mkia umefika magotini. Kila nikiinama kwa sala unaingia puani. Kuhani alisita kidogo, akanipaka mafuta kwa kuuzunguka. Njiani watoto walinililia kama kondoo.

Mzee hakunisemesha asubuhi nzima. Tulipofika mlango wa kanisa akaja mbele yangu, akaugeuza mpini taratibu ili simba atazame mbele, akaushika muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, si kwangu. Kisha akampisha Tirngo aje asimame kando yangu. Niliona aibu, ya kweli, mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia Baba nisamehe. Akasema nyamaza, usiniharibie uzi.

Tirngo alinishika mkono njia nzima. Alikuwa anatikisika. Wengine walidhani analia.

Ijumaa, 30 Tir

Nimepata nafasi ya kutafakari. Nikiangalia picha, watu wote wananitazama mimi. Dagnachew haonekani hata ufunguo. Kwa hiyo, ukichukua jumla, mambo yalikwenda nilivyopanga.

Leo Mama Alganesh ametuletea kapu kubwa la injera, lile la mguu na kifuniko kirefu, alilolisuka mama yake mzazi. Ametukabidhi akilia. Zuri, ila rangi zimepauka, nyekundu imekuwa kama chai. Ameniambia nisiliguse, nile juu yake tu. Tirngo naye amesema nisiliguse. Mama yangu ametuma ujumbe nisiliguse. Na Dagnachew kapita, kasimamisha gari makusudi, kateremsha kioo: "Mwanyumba, lile kapu, nakusihi, usiliguse."

Wote wanne, neno lilelile! Wamepanga kunijaribu, waone kama ni mkwe wa kujituma au wa kukaa tu.

Rangi ya mafuta nimeshanunua. Kijani. Tirngo yuko kwa dada yake mpaka saa kumi, na muuzaji ameniapia inakauka haraka.